Mtunza Maboya wa Lango la Bandari

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliofanya kazi na marehemu: haya ndiyo maisha yake, kadiri yanavyoweza kuenea katika kurasa hizi chache. Yameandikwa na mimi mpwa wake, mtoto wa mdogo wake wa kike, kwa niaba ya familia. Wengi wenu mlimwita Kituo. Mabaharia ndio waliompa jina hilo, kwa sababu kila walipoita kituo cha bandari kwenye redio, sauti iliyowajibu ilikuwa yake. Likamfuata hadi sokoni, hadi kwa kinyozi, na mwishowe hata marehemu mkewe alikuwa akitoka mlangoni na kuita, "Kituo, chakula tayari!"

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1955, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, kwenye barabara inayoteremka kwenda gatini. Baba yake alikuwa mfua vyuma, mama yake alishona maturubai. Walijaliwa watoto wawili tu, yeye na mama yangu. Mama husimulia kwamba siku moja watoto wa mtaa walicheza mchezo wa kujificha, na kaka yake akajificha ndani ya pipa la chuma lililokuwa uani kwa baba yao. Wenzake walimtafuta, wakachoka, wakaenda zao kula. Mama alimkumbuka alipoona sahani imebaki mezani haina mwenyewe. Akarudi uani, akafunua pipa, akamkuta amekaa, magoti yamegusa kidevu.

"Mbona hukutoka?" akamuuliza.

"Hamkuniita," akajibu.

Mama anasema hakuwa amelia, wala hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni: mtu asiyepiga hodi mara mbili.

Alisoma shule ya msingi iliyo kilimani juu ya bandari kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, kisha sekondari hadi 1972. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Alichopenda ni umeme. Akiwa kidato cha tatu alitengeneza kengele ya shule iliyojipiga yenyewe, na siku mkaguzi alipokuja, kengele ile ikalia katikati ya hotuba na ikakataa kunyamaza. Mwalimu mkuu akalazimika kuikata waya kwa mkasi wa bustani. Marehemu alichapwa, halafu mwalimu wa fizikia akamwita pembeni na kumwambia aende chuo cha ufundi. Alikwenda, akahitimu ufundi umeme mwezi Novemba 1975.

Tarehe 2 Januari 1976 aliajiriwa na idara inayosimamia taa na maboya ya baharini. Hakupewa ofisi. Alipewa godoro, koti la mvua na nafasi ndani ya mashua iliyompeleka kwenye mnara wa taa ulioko juu ya jiwe, mbali kiasi kwamba mji ulionekana kama mstari wa penseli. Watunza taa walikuwa wawili. Chumba chao kilikuwa cha mviringo, meza imekatwa upande mmoja ili ilingane na ukuta, vitanda viwili vimewekwa kimoja juu ya kingine, na jiko la mafuta lililowaachia masizi kwenye pua. Marehemu alikuwa akisema ubaya wa chumba cha mviringo ni kwamba hakina kona ya kukimbilia ukimchoka mwenzako. Mashua ya chakula ilikuja kila baada ya wiki mbili bahari ikiruhusu. Isiporuhusu, walikula walichokuwa nacho na kuitazama.

Ni chakula hicho kilichomfikisha kwa mkewe. Karibu na gati kulikuwa na duka la mikate, na msichana aliyeoka hapo asubuhi alishangaa kumwona kijana mmoja akinunua mikate mingi namna ile peke yake.

"Una harusi?" akamuuliza.

"Nina kazi," marehemu akasema. "Naishi kwenye taa."

"Mikate hii itaota ukungu kabla hujafika nusu." Akaichukua yote, akaikata vipande, akairudisha ndani ya tanuri mpaka ikakauka kama mbao. "Hii itakaa. Utailowesha kwenye chai. Huko unaishi na nani?"

"Na mwenzangu mmoja. Lakini tumeshamaliza mazungumzo."

Msichana yule alicheka mpaka akaweka trei chini. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980. Kwa miaka minane ya kwanza ya ndoa yao, mume aliishi baharini na mke aliishi nchi kavu, katika vyumba viwili vya kupanga juu ya duka lile lile la mikate. Marehemu aliporudi likizo alikuwa akizungumza kwa sauti kubwa, kwa mazoea ya kushindana na upepo, na asiposikia neno mezani alisema, "Rudia, sijakupata." Mkewe alikuwa akimjibu kwa upole, "Mume wangu, mimi si meli. Niko hapa mbele yako." Tarehe 3 Mei 1984 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, binti. Marehemu alimwona kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa siku kumi na moja, kwa sababu bahari ilichafuka na mashua haikuweza kumfuata.

Mwaka 1988 taa ile ilifungwa mtambo wa kuiwasha na kuizima yenyewe, na watunza taa wakashushwa. Marehemu aliwahi kuniambia kwamba siku ya mwisho alifagia chumba chote, kisha akacheka mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anakuja kukiona. Alihamishiwa kwenye meli ya maboya. Hii ni meli pana, fupi, yenye winchi sitahani, na kazi yake ni kuyatembelea maboya moja moja kama daktari anavyowatembelea wagonjwa: kuyanyanyua, kuyakwangua konokono wa baharini, kuyapaka rangi, kubadilisha betri na taa, kupima mnyororo. Boya lililompa kazi kuliko yote ni lile jekundu la langoni mwa bandari, lililofungwa pembeni mwa mwamba usioonekana maji yakijaa. Meli ikiingia, inaliacha boya lile upande wa kushoto. Ikikosea na kulipita kwa upande mwingine, inakutana na jiwe. Marehemu ndiye aliyelibadilishia mnyororo boya lile kila ulipolika, na alikuwa akiupiga nyundo pingili kwa pingili, akisikiliza, kama alivyomwona baba yake akifanya.

Tarehe 17 Julai 2006 walikuwa wametoka kufanya kazi hiyo. Mkewe alianguka asubuhi, mbele ya tanuri, moyo wake ukasimama kabla hajafikishwa hospitali. Ofisi haikutaka kumtangazia kwenye redio, maana redio ya baharini husikilizwa na kila mtu. Wakaamua asubiriwe. Meli ilipokaribia gati, marehemu alimwona mama yangu amesimama kando ya nguzo ya kufungia kamba. Mama hakuwa amewahi kwenda kumpokea hata siku moja. Marehemu alishuka kabla ngazi haijakaa sawa.

"Saa ngapi?" akauliza. Ndilo neno pekee alilouliza.

Mama akamwambia.

Akatazama maji. "Saa hiyo nilikuwa nacheka," akasema. "Kulikuwa na ndege amekaa juu ya boya, amekataa kushuka, tukawa tunamcheka."

Binti yake wakati huo alikuwa chuo cha ubaharia, mwaka wa mwisho. Mama yake alikuwa amempinga, akasema mtu mmoja wa baharini anatosha katika nyumba. Baba hakumpinga wala hakumsukuma. Binti alirudi kumzika mama yake, akakaa mwezi mmoja, kisha akaondoka kwenda kwenye meli yake ya kwanza. Marehemu akabaki katika vile vyumba viwili juu ya duka la mikate. Harufu ya mkate ilipanda kila asubuhi kutoka chini, kama zamani, ila sasa aliyeoka alikuwa mtu mwingine.

Mwaka 2009, goti lake lilipoanza kukataa ngazi za meli, alihamishiwa chumba cha mawasiliano cha bandari. Ni chumba kilicho ghorofa ya tatu, chenye kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, viti viwili vyenye magurudumu, redio, na skrini zinazoonyesha meli zote zilizo karibu. Kila meli kubwa siku hizi hubeba kifaa kinachotangaza chenyewe, kwa mawimbi ya redio, jina la meli, mahali ilipo, mwendo wake na inakoelekea. Meli nyingine na vituo vya nchi kavu hupokea tangazo hilo, na kwenye skrini hutokea pembetatu ndogo. Idara ilikuwa imeanza kufunga kifaa cha namna hiyo kwenye maboya pia, ili boya lenyewe liseme: mimi ni fulani, niko hapa. Hilo marehemu alilikubali. Lililomkosesha raha ni lile lililofuata: mtambo wa nchi kavu uliweza kutangaza boya mahali ambapo hapakuwa na boya lolote. Nahodha akitazama skrini anaona alama. Akitazama dirishani anaona maji.

Mhandisi aliyeleta mpango huo alikuwa mama mmoja mwenye sauti ndogo na subira kubwa. Aliitisha mkutano wa manahodha na wafanyakazi wa bandari, akaeleza kwamba mwamba ukigunduliwa leo, au meli ikizama njiani leo, alama ya namna hiyo inaweza kuwekwa mara moja, kabla meli ya maboya haijapasha injini moto. Marehemu akanyoosha mkono.

"Mama mhandisi, nimefunga maboya karibu nusu ya umri wangu. Boya lisilo na mnyororo si boya. Ni uvumi."

Ukumbi mzima ukacheka. Mhandisi akasubiri wamalize. "Mzee," akasema, "si mnasema lisemwalo lipo? Na kama halipo, laja."

Wakacheka zaidi, na safari hii marehemu naye alicheka. Lakini hakubadilika. Mhandisi alimfundisha kuutumia ule mtambo, akaujua vizuri, ila kila alipojaribu kuweka alama kwenye skrini alikuwa akiifuta haraka, kama mtu aliyeshikwa akisema uongo.

Tarehe 6 Juni 2012, asubuhi, ilipiga dhoruba iliyowakuta watu hawajafunga madirisha. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba kutoka ghorofa ya tatu gati halikuonekana. Marehemu alikuwa zamu pamoja na mhandisi. Ghafla kengele ya mtambo ikalia: boya jekundu la langoni lilikuwa linatangaza kwamba haliko mahali pake. Alama yake kwenye skrini ilikuwa inasogea polepole, inavuka mwamba kwenda upande wa pili. Mnyororo ulikuwa umekatika. Na feri ya abiria ilikuwa inakuja, imejaa watu wanaorudi mjini, imebakiza mwendo mfupi kufika langoni.

Mhandisi akasema, "Weka alama mahali boya lilipokuwa. Sasa hivi."

Marehemu akaiweka. Safari hii hakuifuta. Akashika redio, akaiita feri, akasema boya limekatika, lisifuatwe, ifuatwe alama iliyo kwenye skrini.

Nahodha wa feri alikuwa mtu mzima, aliyeingia na kutoka lango lile maelfu ya safari. Rada yake ilikuwa imejaa mvua, haimwonyeshi kitu. Akajibu: "Kituo, mimi naona vitu viwili. Kimoja nakiona kwa macho yangu mawili, chekundu, kiko mbele kidogo upande wangu wa kushoto, kama siku zote. Kingine kipo kwenye kioo tu, na kiko mkono wangu wa kulia. Unataka niamini kipi?"

"Nahodha, amini kile usichokiona."

Kisha nahodha akasema, "Hiyo ni sauti ya Kituo mwenyewe? Si wewe uliyesimama mkutanoni ukatuambia hivi vitu ni uvumi?"

"Ni mimi."

"Leo umepatwa na nini?"

"Leo lenye mnyororo ndilo linalodanganya. Boya hilo nimelifunga kwa mikono yangu, nahodha. Nalijua kuliko unavyolijua. Limeondoka. Ukiliacha kushoto kwako kama siku zote, unapanda mwamba. Geuza kulia, upite upande wa pili wa alama."

Marehemu alikuwa ameibana redio kwa mikono yote miwili. Alimgeukia mhandisi akamuuliza kwa sauti ya chini, "Una hakika tulipiga hesabu za mahali sawasawa?" Mhandisi akamjibu, "Nimezitazama pamoja nawe. Ziko sawa." Ndipo redio ikasema: "Nageuka kulia."

Pembetatu ile ikageuka kwenye skrini. Ikapita upande wa kulia wa alama isiyokuwepo, ikanyooka, ikaingia bandarini. Nahodha ameniambia kwamba walipopita, mvua ilipungua kidogo, akaona upande wake wa kushoto maji yanapasuka meupe juu ya jiwe, na ng'ambo ya jiwe, boya jekundu likicheza juu ya mawimbi, zuri, limepakwa rangi mpya, likimwita. Abiria hawakujua lolote. Walilalamika kwamba feri imechelewa.

Zamu ilipokwisha, marehemu alishuka ngazi akatoka. Alikuwa na habari kubwa kuliko zote za maisha yake ya kazi, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumpa. Akaingia duka la mikate, akanunua mkate mmoja, akamwambia msichana aliyekuwa kaunta, "Leo feri imefika salama."

"Kwani si hufika kila siku?" msichana akasema, akamrudishia chenji.

"Ni kweli," marehemu akasema. Akapanda ngazi kwenda kwake. Hadithi hii aliwahi kuisimulia mara moja tu, kwa mama yangu, na alipofika sehemu ya mkate ndipo alipotazama pembeni.

Baada ya siku ile aliziamini alama za hewani, na wengine husema alizipenda kupita kiasi. Alikuwa akizikagua asubuhi na jioni kama mtu anayekagua kuku. Naye nahodha wa feri, Jumapili iliyofuata, alikuja kumgongea mlango, amebeba ubao wa drafti. Akasema, "Nimekuja kuona kama kweli upo, au wewe nawe ni alama tu." Walicheza drafti kila Jumapili kwa zaidi ya miaka kumi. Mama anasema walikuwa wakikaa mchana kutwa na kusema maneno matano, na matatu kati ya hayo ni "zamu yako."

Binti alikuwa akipanda vyeo katika meli za mizigo, na meli hizo hazikutia nanga katika bandari yetu. Zilipita mbali, mara moja moja kwa mwaka. Marehemu alijua siku. Aliomba zamu hiyo, akavaa shati la pasi ingawa hakuna anayemwona mtu kwenye redio, akakaa mbele ya skrini mpaka pembetatu ya binti yake itokee pembeni. Redio ile ni ya kazi, si ya salamu, na baba na mtoto wote wawili walikuwa watu wa kufuata kanuni. Rubani mmoja wa bandari, yule anayeziongoza meli kuingia gatini, aliyekuwa akisikiliza siku moja ndiye aliyenisimulia walivyozungumza.

"Kituo cha bandari, hapa meli ya mizigo inayopita kusini mwenu. Tunaomba hali ya hewa."

"Meli inayopita, nakupata vizuri sana. Upepo wa wastani, bahari imetulia. Watu melini wako wazima?"

"Wote wazima, kituo."

Marehemu akauliza, "Ofisa wa zamu amekula?"

"Ofisa wa zamu amekula. Na kituo kimekula?"

"Kituo kimekula mkate."

Hapo rubani akashindwa kujizuia, akaingilia: "Meli inayopita, usidanganywe. Kituo hakijala tangu asubuhi."

Yasemekana meli zote zilizokuwa zikisikiliza zilinyamaza mpaka wawili wale walipomaliza. Binti akasema, "Kituo, tafadhali kula." Marehemu akajibu, "Nimepokea." Kisha pembetatu ikaendelea na safari, na baba akaifuata kwa macho hadi ilipotoka kwenye skrini.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Aprili 2015. Alipewa saa ya ukutani. Mhandisi alilia kuliko yeye. Aliendelea kuishi mahali pale pale, akitembea hadi gatini asubuhi na kurudi, na redio ndogo ya kusikilizia ikiwa imewashwa dirishani, ingawa haikuweza kujibu.

Mwishoni mwa mwaka 2021 sauti yake ilianza kukwaruza. Alidhani ni mafua. Nahodha ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali, na mwezi Februari 2022 madaktari wakatuambia ni saratani ya koo. Upasuaji ulifanyika tarehe 8 Machi. Ulimwacha hai, ukamchukulia sauti. Nilikuwepo alipozinduka. Alifungua kinywa kutaka kuniambia jambo, hakikutoka kitu, akafunga. Akafanya kwa kidole ile ishara ya kuzungusha inayomaanisha rudia. Nikamwambia, "Mjomba, hakuna nililosema." Akatikisa kichwa, akatabasamu. Nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe.

Binti aliomba ruhusa kazini, akaja kumuuguza. Alikaa naye muda mrefu kuliko walivyopata kukaa pamoja tangu alipokuwa mtoto. Alijifunza kuoka kutoka kwa wale wa chini, akaiharibu mikate mingi, marehemu akaila. Mapema mwaka huu, 2024, kampuni yake ilimwita: anapewa meli, awe nahodha. Akakataa. Marehemu alipojua, alimvuta hadi mezani, akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: NENDA. Binti akasema haendi. Akaigeuza, akaandika upande wa pili neno lile lile. Walikaa siku mbili hawasemeshani, mmoja kwa hasira, mwingine kwa kukosa sauti, na mama yangu akiwapelekea chakula na kuwaita watoto wakaidi. Siku ya tatu binti akafungasha. Aliondoka tarehe 10 Juni.

Kabla hajaondoka alimwekea baba yake kwenye simu ile ramani inayoonyesha meli za dunia nzima kwa kutumia matangazo yale yale aliyoyasimamia kazini. Lakini matangazo hayo hupokelewa vizuri karibu na nchi kavu tu. Meli ikienda katikati ya bahari kuu, ramani hiyo huipoteza. Nilikuwa nikimkuta ameshika simu, anatazama rangi ya buluu isiyo na kitu.

"Mjomba, unatazama nini? Mbona ni maji matupu?"

Alikuwa akiweka kidole kwenye ukingo wa mbali wa ramani, mahali meli ya binti yake ingetokea ikikaribia nchi kavu, akakiacha hapo.

Mwezi Agosti ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mapafu. Hakutaka binti aambiwe, na sisi hatukumtii, tulimwambia. Binti aliomba nahodha mwingine achukue nafasi yake katika bandari ya kwanza atakayofika. Marehemu alifariki kabla ya hapo, asubuhi ya Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, katika wodi ya ghorofa ya pili, mama yangu akiwa amemshika mkono. Nahodha alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, ubao wa drafti mapajani, haujafunguliwa. Marehemu alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Tulibishana kama familia kuhusu kumsubiri binti. Wengine walitaka mazishi yaahirishwe. Binti mwenyewe ndiye aliyemaliza ubishi, kwa simu ya setilaiti, sauti ikifika kwa kuchelewa na kukatikakatika. Alisema watu wengi wako chini ya uangalizi wake na hawezi kugeuza meli, na kwamba asisubiriwe. Kisha akaomba jambo moja: wakati wa kutupa udongo, mtu amshike shangazi yake mkono, kwa sababu shangazi ataogopa kusogea ukingoni. Nahodha, aliyekuwa akisikiliza, akasema, "Mwambie mimi nipo."

Marehemu ametanguliwa na mkewe mpendwa. Ameacha binti yake wa pekee, nahodha wa meli, ambaye tunaposoma haya bado yuko mbali na nchi kavu, yuko zamuni, macho mbele. Mdogo wake wa kike, mama yangu. Mpwa mmoja, mimi. Na rafiki yake, nahodha mstaafu wa feri, ambaye si ndugu wa damu lakini amekaa nasi safu ya mbele kwa sababu mama yangu ameamuru hivyo. Mhandisi wake naye yupo, pamoja na wafanyakazi wa meli ya maboya na wa chumba cha mawasiliano.

Nahodha, sasa unaweza kumshika mama mkono.

Kituo, tumekupata vizuri. Huhitaji kurudia. Pumzika, Mjomba, na amani iwe nawe.